Kilichomo Mkobani mwa Mkunga

Mwaka huu suala la kuzalia nyumbani liliingia katika ukoo wetu kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Binti wa kaka yangu, ambaye ameolewa Uingereza na ana mtoto mmoja, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mimba yake ya pili inaendelea vizuri, na kwamba yeye na wakunga wake wamekubaliana ajifungulie nyumbani kwake. Kundi likawaka moto. Mmoja aliuliza kama wamefilisika. Kaka yangu akaandika kwamba hakuuza shamba la minazi kumsomesha mtoto ili akazalie sakafuni kama bibi yake. Mwishowe wote wakanigeukia mimi, mkunga mstaafu wa ukoo, nimkanye kwa haki ya ushangazi.

Sikumkanya. Nilimwomba anipatie nafasi ya kuzungumza na mkunga wake kwa simu. Ndugu zangu walikuwa wakiuliza, nyumbani au hospitalini? Swali hilo nalisikia tangu utotoni, na kila linapoulizwa huona limeanzia katikati. Anayezalisha ni mtu. Mtu huyo ama amefundishwa ama hakufundishwa, ana dawa ama hana, na mambo yakimshinda ana pa kukimbilia ama hana. Hayo nimeyajua kwa muda mrefu, na kwa watu ambao wengine hawapo tena.

Nilizaliwa 1962 katika vilima vya Matumbi, Kilwa, nikalelewa na bibi mzaa baba. Alikuwa mkunga wa jadi. Hodi za usiku zilikuwa jambo la kawaida kwetu: mwanamume anasimama uani, hasemi zaidi ya "Bibi, uchungu umeanza," naye bibi anajifunga kanga, anachukua mkoba wake wa ukindu, anatoka. Mkobani mlikuwa na wembe, uzi, kipande cha sabuni, mafuta ya nazi na mizizi aliyoijua yeye. Mimi nilimfuata kubeba maji, nikiishia mlangoni, kwa kuwa msichana ambaye hajazaa hakuruhusiwa kuona.

Bibi alijua mambo ambayo baadaye niliyakuta vitabuni. Hakumlazimisha mama kulala chali. Alimwacha atembee, achuchumae, aegemee ukuta, apige magoti. Aliweka viganja juu ya tumbo akasema kichwa kiko wapi na mgongo umeelekea upande gani, na mara nyingi alikuwa sahihi. Hakumwacha mama peke yake hata kidogo. Hakuwa na haraka. Mtoto akishatoka alimpangusa, akamweka kifuani mwa mama yake, na kitovu hakukikata mpaka kimeacha kupwita. Kuna wanawake wazee kule kwetu ambao hadi leo wakimtaja hushika moyo.

Sifa zake zilifika vijiji vya mbali, na ilinichukua miaka kuelewa zilijengwa juu ya nini. Wataalamu wa uzazi hukadiria kwamba kati ya wajawazito 100, kama 15 hivi hupata tatizo linalohitaji tiba. Maana yake ni kwamba wengi mno wangejifungua salama hata kama aliye kando yao ni jirani tu mwenye moyo mwema. Mkunga asiye na mafunzo anaweza kuzalisha mwezi hadi mwezi, akapewa kuku na shukrani, bila kukutana na kisa cha kumpima. Siku kikija, hakimpi nafasi ya kujifunza. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema, "Huyu amezalisha kijiji kizima na hajapoteza mtu," huwa nataka kujua nini kilitokea siku mambo yalipoharibika, na nani alikuwapo.

Kwetu kisa cha namna hiyo kilikuja kwa jirani yetu, mama wa rafiki yangu. Mtoto alitoka vizuri, analia. Kondo la nyuma likagoma. Bibi alifunga kitovu kwenye paja la mzazi kisirudi ndani, akampa chupa tupu aipulize kwa nguvu, akamkanda tumbo, akamnywesha dawa. Yote aliyafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi niliitwa nilete maji, kisha nilete kanga, kisha nilete majivu ya kumwaga sakafuni, na kwa yale majivu nikajua. Alifariki kabla ya alfajiri. Watu walisema siku yake ilikuwa imefika. Bibi alikaa barazani asile wala asiseme na mtu.

Najua sasa kilichokosekana chumbani mle: sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, dripu, mkono uliofundishwa kulitoa kondo bila kuacha vipande, na damu ya kumwongezea. Hakuna hata kimoja ambacho bibi angekipata kwa wema wake au kwa wingi wa wazazi aliowahudumia. Tena hakuna aliyejua ni damu kiasi gani ilikuwa imetoka, kwani sakafu ya udongo huinywa. Hata sisi wenye vyeti tumeishi tukikadiria damu kwa macho, na macho hudanganya. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika nusu ya hospitali hizo, wakunga walimtandikia mzazi plastiki yenye mfuko wa alama za kupimia, na damu ilipofika kiwango cha hatari wakatoa tiba zote kwa mpigo, badala ya kujaribu moja na kungoja. Visa vya kutokwa damu nyingi mno, kufanyiwa upasuaji kwa sababu yake au kufa kwa ajili yake, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60 vikilinganishwa na hospitali nyingine. Nilipousoma nilimkumbuka mama wa rafiki yangu, maana hakuna kilichotumika katika utafiti ule ambacho ni cha ajabu: plastiki, kukanda, sindano, dripu, na mtu anayejua lini aanze.

Kipo kisa kingine cha miaka ile ambacho hadi leo kinaniuma. Binti wa uzazi wa kwanza alikuwa na uchungu, jua likazama, likachomoza, likazama tena. Wazee wa kike wakaamua kwamba kuna siri inayomzuia mtoto, wakamtaka ataje wanaume aliotembea nao. Alitaja mmoja, hakuzaa. Wakamtaka ataje wengine. Nilimsikia kutoka mlangoni akitaja majina ya watu ambao nina hakika hakupata hata kuwasalimia kwa mkono, ili tu aachwe. Bibi yangu naye aliiamini imani hiyo, ndivyo walivyolelewa. Mtoto alizaliwa amekufa. Yule binti alipona, na ndoa yake haikupona.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipokwenda kusomea ukunga baada ya uuguzi, mwalimu alitubandikia ubaoni karatasi ya mistari iitwayo patografu. Mkunga huchora humo jinsi njia inavyofunguka, kichwa kinavyoshuka, moyo wa mtoto unavyopiga na uchungu unavyokuja. Ilibuniwa Rhodesia, na madaktari Philpott na Castle wakaichapisha 1972. Walitaka wakunga walio mbali na hospitali kuu wajue mapema ni mama gani asafirishwe. Ina mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Nafasi ile katikati imeachwa kwa ajili ya safari. Niliitazama karatasi ile nikamfikiria yule binti. Saa ambazo zingetosha kumfikisha kwa daktari zilikwisha akihojiwa. Pasipo na kipimo cha uchungu unaokwenda vizuri na uchungu uliokwama, kuchelewa hutafutiwa mkosaji, na mkosaji huwa ni mwanamke mwenyewe.

Watu wengi wakisikia "mkunga aliyehitimu" hufikiria karatasi yenye muhuri. Muhuri una maana yake, na sitaubeza. Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 na Baraza linalosajili, linalotoa leseni na linaloweza kukunyang'anya leseni hiyo. Mzazi akifa mikononi mwangu, kuna mtu ana haki ya kuniita na kuniuliza nilifanya nini saa ngapi, na nimeandika wapi. Bibi hakuwa na wa kumuuliza, na familia ya jirani haikuwa na pa kupeleka swali lake. Lakini nyuma ya muhuri kuna kazi ya mikono. Chuoni tulizalisha tukiwa tumesimamiwa, mwalimu amesimama nyuma ya bega, na kila mzazi akaandikwa daftarini na kusainiwa. Tulijifunza kumpa pumzi kwa mfuko mtoto aliyezaliwa hapumui, kumtoa aliyetanguliza matako, kumdhibiti mama wa kifafa cha mimba asijing'ate ulimi, kuingiza mkono kutoa kondo lililobaki. Tulirudia mpaka mikono ikazoea, kwa kuwa siku ya hatari hakuna wakati wa kufungua kitabu.

Miaka hiyohiyo bibi naye aliitwa semina. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 nchi nyingi ziliamua kuwafundisha wakunga wa jadi, na Tanzania ikawamo. Alirudi na sanduku dogo lenye wembe mpya, uzi, sabuni na glavu, na somo la usafi wa mikono, wa mahali pa kuzalia na wa kifaa cha kukatia kitovu. Naona siku hizi watu wakiyadharau mafunzo yale, na si haki. Nilipokuwa mdogo, mtoto aliyekataa ziwa siku chache baada ya kuzaliwa, akakakamaa, lilikuwa jambo linalojulikana kwa kila mama. Wembe safi na chanjo ya pepopunda kwa wajawazito vikaliondoa, hata 2012 ikathibitishwa kwamba Tanzania imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kiasi cha kutohesabika tena kuwa tatizo la afya ya jamii. Akina bibi walifanya sehemu yao katika hilo.

Hata hivyo sanduku lile halikuwa na kitu cha kumzuia mzazi asitokwe na damu, wala cha kuteremsha presha, wala kisu. Tena liliwafanya watu wamwamini bibi zaidi ya awali. Wanawake waliokuwa wameanza kuizoea zahanati, baada ya Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, kutusogeza karibu nayo, walisema sasa bibi naye ni wa serikali. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, lilitamka wazi kwamba mhudumu mwenye ujuzi ni mkunga, muuguzi au daktari aliyesomea kazi hiyo hadi kuimudu, na kwamba mkunga wa jadi, awe amepewa semina au hakupewa, hamo katika hesabu hiyo. Bibi alikuwa ameshafariki. Nadhani tamko hilo lingemuumiza. Nadhani pia kwamba ni kweli.

Kituo changu cha kwanza kama mkunga kilikuwa zahanati kusini ya mto Rufiji. Nilikuwa na cheti, kitanda cha chuma, kandili, na friji ya mafuta ya taa iliyoletwa kwa ajili ya chanjo, ambamo nilihifadhi pia sindano za kuzuia damu, kwa kuwa nazo zinataka ubaridi. Hospitali ya upasuaji tuliyoweza kuifikia ilikuwa ng'ambo ya mto. Daraja la Mkapa halikuwapo, lilifunguliwa 2003. Magari yote ya Lindi na Mtwara yalivuka kwa kivuko, na masika barabara yenyewe ilikuwa tope hadi kwenye ekseli.

Usiku mmoja aliletwa mama kwa baiskeli, amefungwa kanga kiunoni asianguke. Nikamchorea patografu, na kabla ya alfajiri mstari ulikuwa umevuka tahadhari. Kichwa cha mtoto hakishuki. Nilijua la kufanya na nilijua haliwezi kufanyika pale. Mumewe alikimbia kutafuta gari, akapata lori la mbao. Tulifika kivukoni tukakuta foleni, na mto umejaa. Nilimshika mkono, nikasikiliza moyo wa mtoto kwa kile chombo chetu cha mti, nikausikia ukipungua, halafu sikuusikia tena. Mama alipasuliwa jioni akaishi. Majuma kadhaa baadaye alikuja kliniki amejifunga vitambaa vingi, anavuja mkojo bila kuweza kuuzuia, na ikapita miaka kabla hajapata pa kushonwa fistula hiyo.

Nimewaza sana juu ya safari ile. Mama yule hakuzalia nyumbani. Alifanya yote ambayo redio inawaambia wanawake wafanye: alihudhuria kliniki, alikuja zahanati, alihudumiwa na mkunga mwenye leseni. Ilipokosekana njia ya kuvuka, mimi na bibi yangu tulikuwa sawa. Tangu siku ile siwezi kusikia kiongozi akisema "Akina mama, acheni kuzalia nyumbani" bila kutaka amalizie: wakifika, watamkuta nani, na huyo aliyekutwa atawapeleka wapi, kwa gari gani? Nashukuru kwamba katika hilo nchi imepiga hatua ninazoziona kwa macho. Kwa miongo mingi tumekuwa na madaktari wasaidizi wanaojua kufanya upasuaji wa uzazi, na katika miaka hii ya karibuni vituo vingi vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji ili wapate pa kufanyia kazi yao. Upo pia mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022: mhudumu au ndugu anapiga 115 bila malipo, na pasipo na ambulensi karibu anatumwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, analipwa nauli yake. Takwimu za kitaifa za 2015/16 zilionyesha akina mama 556 wakifariki kwa kila vizazi hai 100,000. Za 2022 zilionyesha 104. Waliojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Nikisoma namba hizo sidhani ni kwa sababu wanawake waliambiwa kwa sauti kubwa zaidi.

Kutoka Rufiji nilihamishiwa Dar es Salaam, katika wodi ya wazazi ya hospitali kubwa. Huko kulikuwa na kila kitu nilichokiota kando ya mto: chumba cha upasuaji, damu, daktari wa zamu. Na kulikuwa na wanawake wawili wawili kitandani, mkunga mmoja kwa wazazi wengi kuliko mikono yake, na maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwona mama amejifungua sakafuni, kati ya kitanda na kitanda, ameita mpaka sauti ikamkauka. Nilimsikia mwenzangu akimuuliza binti mdogo anayelia kwa uchungu kama alilia hivyo wakati anaitafuta mimba hiyo. Aliyesema hivyo alikuwa na leseni kama yangu.

Mwanamke mmoja aliniambia wakati namfunga kitovu mwanawe, "Sista, wa kwanza nilizaa kwa mama, wa pili kwa mkunga wa mtaani kwetu, huyu nimekuja hapa kwa sababu presha ilipanda. Wa nne, Mungu akipenda, sirudi." Nilimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa kufa, lakini pale alidhalilishwa akiwa hai. Katika utafiti uliofanyika wilaya za Korogwe na Muheza na kuchapishwa 2014, karibu mmoja kati ya watano wa waliohojiwa wakitoka kituoni alisema alitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walipohojiwa tena wiki kadhaa baadaye wakiwa nyumbani kwao, idadi ikapanda hadi asilimia 28. Mwanamke akiwa bado mlangoni mwa hospitali humeza mengi. Sisi wenye vyeti tukiuliza kwa nini wanabaki nyumbani, tunapenda kujibu kwamba ni ujinga au mila. Wengi wao walishafika kwetu, wakatuona.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mle wodini niliona heshima ile inatakiwa iende pande zote mbili, na kwamba kuitimiza kunataka watu wa kutosha zaidi ya semina za tabia njema. Mkunga aliyekesha na wazazi saba hana subira ya bibi yangu. Haiwezekani. Wakati huohuo vijana waliohitimu ukunga wako mitaani wakingoja ajira, na zahanati nyingine zina mhudumu mmoja anayepima malaria, anayechanja, na anayezalisha.

Basi mpwa wangu akaniunganisha na mkunga wake kwa simu, yeye akitutafsiria. "Shangazi, shikamoo, yupo hapa, uliza." Nilimuuliza amesomea wapi na kwa muda gani. Ana shahada ya ukunga ya miaka mitatu, amesajiliwa, na huhudumia wanaojifungulia nyumbani na hospitalini pia, kwa hiyo mikono haipoi. Nilimuuliza mkobani mna nini. Akanitajia: sindano za kuzuia damu, dripu, mfuko wa kumpulizia mtoto, oksijeni, gesi ya kutuliza maumivu, chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto, vifaa vya kushonea. Nilimuuliza kama atakuwa peke yake. Akasema mtoto akikaribia kutoka huja mkunga wa pili, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto. Nilimuuliza hospitali iko umbali gani na ambulensi inakujaje. Swali la mwisho ndilo nililolijali kuliko yote: ni lini atasema basi, twende? Alinijibu bila kusita, jambo moja baada ya jingine, kuanzia mapigo ya moyo wa mtoto hadi rangi ya maji ya chupa, akaongeza kwamba mpwa wangu ameshasaini kuwa wakisema twende, hakuna mabishano.

Niliwaeleza ndugu zangu pia utafiti wa Uingereza wa 2011 uliofuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wasio na matatizo ya ujauzito. Kwa waliokwisha kuzaa, kujifungulia nyumbani hakukumwongezea mtoto hatari. Kwa uzazi wa kwanza kuliongeza: watoto 9.3 kwa kila 1,000 walifariki au kupata madhara makubwa, dhidi ya 5.3 katika wodi za hospitali zenye madaktari, na wanawake 45 kati ya 100 waliopanga kuzalia nyumbani ilibidi wahamishwe. Kwa hiyo hata huko, penye wakunga wawili, mkoba uliojaa na barabara ya lami, jibu la uzazi wa kwanza si lile la uzazi wa pili. Kaka yangu aliniuliza kama hiyo ina maana wanawake wa kwetu nao wanaweza kuzalia nyumbani. Nilimjibu kwamba bintiye angekuwa Matumbi, hata mkunga wake angekuwa mimi, ningemkatalia, kwa kuwa Matumbi nisingekuwa na wa pili, wala damu, wala hakika ya gari usiku wa masika.

Mwaka huuhuu nilikwenda kijijini nikakuta mkutano umeitishwa kujadili sheria ndogo: anayezalia nyumbani atozwe faini, na mkunga wa jadi aliyemzalisha naye atozwe. Vijiji vingine vimekwisha kupitisha sheria za namna hiyo. Mwanamke mmoja alisimama akasema yeye alijifungulia njiani, akienda zahanati kwa miguu. Je, atozwe nusu? Hakuna aliyecheka. Mimi nilisema ninachoamini, kwamba faini humfanya maskini amfiche mtoto wake. Mama ataogopa kuja kliniki baada ya kujifungua, mtoto atakosa chanjo, na mkunga wa jadi aliyeona damu inazidi atachelewa kuita msaada kwa kuogopa kukamatwa. Saa hiyo moja ya kuogopa ndiyo inayoua.

Kisha akasimama bi mkubwa mmoja, mkunga wa jadi, rika la wanafunzi wa bibi yangu, akauliza, "Na sisi mnatutupa?" Nikamwambia, shikamoo bibi, hapana. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 2018 linataka kila mwanamke awe na mtu amtakaye kando yake muda wote wa uchungu, kwa kuwa anayeshikwa mkono hujifungua vizuri zaidi. Hilo ndilo alilolijua bibi yangu kabla ya miongozo. Bi mkubwa huyo anajua nani kijijini ana mimba kabla ya nesi kujua. Anaweza kumleta mapema, akae naye, amkande mgongo, amtetee akitukanwa. Kisu, sindano na patografu viwe kwa aliyevisomea.

Nesi wa zahanati, binti mwenye adabu, akasema yeye angependa hilo tangu zamani, ila chumba cha leba kina vitanda viwili visivyo na kitu katikati. Akimruhusu bibi wa huyu kuingia, anamwona na yule akiwa uchi. Ndiyo sababu ndugu wote hubaki nje chini ya mwembe. Alikwisha kuomba mapazia na bado anangoja. Nikamgeukia mtendaji wa kijiji, ambaye mezani pake palikuwa na rasimu ya sheria ya faini, nikamwambia kwamba penye pesa ya kuchapisha vitabu vya stakabadhi za faini pana pesa ya jora la kitambaa, na mafundi cherehani wapo hapahapa kijijini.